Oili ya Volkswagen ya baba: nilivyohangaika hadi kufika kwenye 15W-40

Volkswagen ya baba ni ya mwaka 1972, injini ya 1300, ile ya mgongo wa kobe. Nilipokabidhiwa funguo nilitaka kuitunza kama alivyoitunza yeye, hivyo nikaenda duka moja la spea Kariakoo nikaomba oili bora kuliko zote walizokuwa nazo. Nikapewa sintetiki 5W-30 (namba hizi ni uzito wa oili, zikiwa ndogo oili ni nyepesi), daraja la ubora la SN la injini za petroli, kwa bei ya kuuma. Muuzaji aliniambia oili ya kisasa inafaa injini yoyote, nami nikamwamini.

Safari ndefu ya kwanza ilikuwa Dar kwenda Iringa. Hadi Mikumi hakukuwa na neno. Tulipoiacha Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa kali, tukapanda mlima Kitonga kwa gia ya pili nyuma ya malori. Ilula nikasimama kununua nyanya bila kuzima injini, na hapo taa nyekundu ya oili ikaanza kupepesa. Ukikanyaga mafuta inazimika, ukiachia inarudi. Tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, zilikuwa zinagonga kama cherehani, na oili ilikuwa inadondoka kutoka kwenye mabomba ya fito za tapeti.

Iringa mjini nilielekezwa kwa fundi mzee aliyeanza kushusha injini hizi tangu ujana wake. Alichomoa stiki ya kupimia oili, akasugua oili kati ya vidole viwili, akaniambia: "Mwanangu, gari hili halina rediata. Hii oili ndiyo maji yake."

Kauli hiyo ilinifungua macho. Injini hii inapozwa na upepo wa feni pamoja na oili, na oili yenyewe ni lita 2.5 tu, inayopita kwenye kipoza kidogo kilichofichwa ndani ya boksi la feni. Haina filta ya oili. Ina wavu tu chini, unaofunguliwa kwa nati sita za spana namba 10. Kwa hiyo oili kidogo inabeba joto jingi na uchafu wote. Beringi zikiwa zimelika kwa umri, oili nyepesi ikipata moto inapita kirahisi mno na presha inaanguka. Ile taa ilikuwa inanieleza hilo.

Kuna jambo la pili, na naona wenye magari ya zamani wengi hawaambiwi. Tapeti za injini hii ni bapa, zinasuguana moja kwa moja na kamshafti, ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu. Kamshafti yenyewe ina nundu nne tu kwa valvu nane, kila nundu inasukuma tapeti mbili. Kinachokinga msuguano huo ni kiungo chenye zinki na fosforasi kinachowekwa kwenye oili. Fosforasi inaharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye magari mapya, hivyo kuanzia daraja la SM la mwaka 2004 oili nyepesi kama 5W-30 zimewekewa kikomo cha asilimia 0.08. Kwa gari jipya ni sawa kabisa. Kobe yangu haina kifaa hicho, ila inayo kamshafti ya kulinda.

Kwanza nilihamia 20W-50. Kwa Dar ilinipendeza: taa ikatulia, matone yakapungua. Lakini nafanya kazi Makambako, na asubuhi ya Julai huku si mchezo. Injini ilichukua muda mrefu kuchangamka. Fundi akanieleza kuna pistoni ndogo ya springi chini ya injini. Oili ikiwa nzito presha inaibonyeza, na oili inakwenda moja kwa moja kwenye beringi bila kupita kwenye kipoza. Kwa dakika chache za baridi ndivyo ilivyokusudiwa. Ukizidisha uzito, unairefusha hali hiyo bila sababu. Anayeishi Tanga au Dar na injini iliyolika abaki na 20W-50, sitambishia.

Mimi nimebaki na Shell Rimula R4 X 15W-40, oili ya dizeli ya daraja la CI-4. Ndiyo, ya malori, na injini yangu ni ya petroli. Fundi aliichagua kwa sababu daraja hilo halina kile kikomo cha fosforasi, na uzito wake unastahimili Kitonga na baridi ya Makambako. Huu ni mwaka wa pili. Nimepanda Kitonga mara nne, na taa haijapepesa hata nikisimama Ilula. Bei ni chini ya nusu ya ile sintetiki, na kopo la lita 5 linatosha kumwaga mara mbili kamili.

Ina usumbufu wake. Oili ya dizeli ina dawa nyingi ya kusafisha, na mara ya kwanza ilibandua matope ya miaka. Nilipofungua wavu baada ya kilomita 1,000 ulikuwa umejaa utelezi mweusi. Ningesubiri zaidi, pampu ingekosa oili. Hivyo kama gari lako limekaa muda mrefu, ile ya kwanza iwahi kumwagwa, uoshe wavu, ubadilishe gasketi zote mbili na washa za shaba. Baada ya hapo mimi namwaga kila kilomita 5,000, na siku hiyo hiyo napima nafasi ya valvu iwe milimita 0.15, injini ikiwa ya baridi kabisa.