Nukta sita za bibi: nimejaribu peni tatu za skrini kwa kufundishia khati

Wazazi wa watoto ninaowasomesha wananiuliza kila wiki, mwalimu unaandikia nini pale Zoom mbona maandishi yanatoka safi, na mie kila siku najibu kwa voisi ya dakika tano mpaka nimechoka, basi leo naandika mara moja halafu nitakuwa natuma hii tu.

Kwa asiyenijua, niko Unguja, nasomesha watoto kuandika Kiarabu na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ule mwandiko mzuri tunaouita khati, wengi ni watoto wa ndugu zetu walioko Maskati na wawili watatu Uingereza, na pembeni naandika majina kwenye kadi za harusi. Nilikotokea ni kalamu ya mwanzi na wino, mambo ya skrini nimejifunzia ukubwani, kwa hiyo msitarajie lugha ya kina fundi. Nilitumia karibu mwaka mzima kuhangaika na peni mbovu kabla sijapata inayonifaa, na pesa niliyomwaga humo ndani bora nisiitaje wife asije akasoma.

Kipimo changu ni kimoja tu. Naandika neno "bibi". Kwa herufi za Kiarabu ni be, ye, be, ye. Meno matatu, yaani vile vimilima vya herufi, yanafuatana, mkia mwishoni, na chini kuna nukta sita: moja, mbili, moja, mbili. Ukitaka kujua peni na skrini vina akili gani usichore ua wala usiweke saini, andika bibi kwa mwendo wako wa kawaida uone. Meno yakilala hiyo ni kasoro, nukta ikipungua hiyo kasoro kubwa zaidi, na ikizidi ndo kabisaa.

Peni ya kwanza ilikuwa ile ya ncha ya mpira, zinauzwa kila mahali, elfu tano elfu saba. Ile kusema kweli si peni, ni kidole bandia. Skrini za simu zetu zina umeme wao mdogo unaobadilika ukiguswa na mwili na zimetengenezwa kwa ajili ya kidole, kitu chembamba hazikijali, ndo maana ncha ya mpira lazima iwe nene, na ikishakuwa nene huoni unaandika wapi. Lakini unene ningevumilia. Kilichonishinda ni kwamba skrini haijui hii ni peni na hiki ni kiganja, vyote kwake ni vidole. Sasa sisi tunaandika kutoka kulia kwenda kushoto na mkono wa kulia, mkono unapita juu ya kile ulichokwisha kuandika, yaani kiganja kinagusa palepale penye neno. Naandika be, kiganja kinanidondoshea nukta ya pili, be imekuwa ye. Mtoto ananiambia mwalimu mbona bibi yako ana nukta nane. Nikawa naandika mkono uko hewani kama mtu anayepaka rangi dari, dakika ishirini bega linawaka moto.

Peni ya pili ni zile za kuchaji, ncha nyembamba, zinajiita za kila tableti. Jina siliweki kwa sababu zipo za majina mia na nadhani zinatoka kiwanda kimoja. Hapa nikafurahi siku mbili. Ncha inaonekana, mstari mwembamba, sawa. Siku ya tatu nikawa nachora alifu kubwa za kuwaonyesha watoto vipimo, maana alifu katika khati inapimwa kwa nukta, unazipanga nukta moja juu ya nyingine unahesabu, ndo utaratibu wa tangu Ibn Muqla, yule bingwa wa khati, huko Baghdad karne ya 10, nikataka mstari wa mshazari pembeni, nikachora polepole. Ukatoka umekunjakunjana kama nyoka. Nikafuta nikachora tena, nyoka. Nikasema labda ni uzee, mkono unatetemeka. Nikachukua rula ya mtoto nikailaza juu ya kioo mshazari nikaburuza peni taratibu kwa kuifuata, jamani, nyoka yuleyule, mawimbi yamepangana sawasawa kama ya kitambaa cha mshono.

Kumbe chini ya kioo kuna nyaya nyembamba zimepangwa safu kwa safu kama wavu, peni ikiwa katikati ya nyaya mbili skrini inakisia iko wapi, na makisio yakiwa mabovu mstari unavutwa huku na huku kila unapovuka waya. Ukichora haraka huoni, ukichora polepole au mshazari unaona. Kwa hiyo kabla hujatoa hela dukani fanya hivyo, rula, mshazari, polepole. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Peni ya tatu ndo ninayotumia mpaka leo, S Pen ya Samsung na tableti yake Galaxy Tab S6 Lite, ile ya 2020 ya inchi 10.4, nimenunua used kwa laki nne na nusu ikiwa na mkwaruzo mmoja pembeni. Peni inakuja na tableti yenyewe, na haina betri. Rudia kusoma, haina betri. Ndani ina koili ndogo, yaani waya uliozungushwa, chini ya skrini kuna koili nyingine zinatoa uwanja wa sumaku, peni inapata nguvu kutoka humo na kujibu, skrini inajua iko wapi hata kabla haijagusa kioo, kuna kialama kidogo kinaifuata juu juu. Teknolojia yenyewe ni ya Wacom, Wajapani wa vile vibao vya wachoraji. Na kwa vile peni ina njia yake mbali na ya kidole, ikishakaribia kioo kiganja kinapuuzwa, nalaza mkono wote kama kwenye daftari. Jaribio la rula imepita vizuri. Mgandamizo inahesabu ngazi 4096, sikwambii nazitumia zote, lakini ukibonyeza mstari unanenepa na ukiachia unakonda, watoto wanaipenda hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana watu wanafikiri ukinunua peni nzuri umemaliza. Bado. Kuna apu.

Skrini haioni mstari. Inachopata ni vidoto tu, peni ilikuwa hapa, halafu hapa, halafu hapa, mara mia na zaidi kwa sekunde, kazi ya kuviunga inabaki kwa programu. Ikiviunga kwa mistari iliyonyooka unapata herufi wau yenye pembe pembe, kama imekatwa kwa mkasi. Kwa hiyo zinatumia mikunjo, na inayosifika ni ile ya Bézier, jina la injinia wa Renault aliyekuwa anahesabu bodi za magari kule Ufaransa miaka ya 60, eti leo ndo inayonipinda mkia wa nuni yangu. Hiyo haina tatizo, mkunjo ukipita palepale mkono ulipopita mie naridhika.

Tatizo ni apu zinazotaka kukupendezesha. Zinachukua vidoto kadhaa vya mwisho zinatafuta wastani wake, mtetemo unapotea, mstari unatoka umelainika kama umepigwa pasi. Kwa anayeandika kizungu cha kuunganisha ni raha tupu. Kwa mwenye herufi sini, msiba. Meno ya sini ni vimilima vitatu vya milimita mbili, wastani ukipita juu yake unavisawazisha kama greda, inabaki tambarare. Mjuzi ataniambia mbona katika rukaa, ule mwandiko wa haraka, sini inaandikwa bila meno, ni kweli, na nukta mbili zinaandikwa kijistari kimoja, lakini mie nasomesha naskhi, mwandiko wa vitabuni, kwa mtoto wa miaka saba, akiona mwalimu kaandika "samaki" bila meno na yeye ataandika hivo hivo maisha yake yote.

Kuna apu moja ya bure niliitumia mwezi mzima, jina tuliache, ilikuwa inanilia nukta. Bibi wa nukta sita anatoka na nne, siku nyingine tano. Nikagonga kwa nguvu, wapi. Baadaye kijana wa jirani anayesoma kompyuta akanieleza, kasema nukta ni mguso mmoja mfupi, programu inasubiri kidoto cha pili ili ipate mstari wa kuunga, kidoto cha pili hakiji, basi hakichorwi kitu, au inaona mguso mfupi kupita kiasi inadhani ni bahati mbaya. Aliyeitengeneza inaonekana hakuwahi kuandika neno lenye nukta nyingi kuliko herufi i. Nikawa badala ya kugonga nazungusha kiduara kidogo kwa kila nukta. Hebu fikiria kuandika "shangazi" hivo, shini peke yake nukta tatu.

Sasa natumia Krita, ni ya wachoraji, ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, ipo kwenye Android pia. Nzito, kwa tableti ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 usifungue kurasa kubwa na usifungue pamoja na vitu vingine. Lakini ndani yake unachagua mwenyewe mstari ulainishwe kwa kiasi gani, kuna kuzima kabisa, kuna kidogo, kuna ulainisho wa uzito (Weighted), na kuna ile stabilaiza ambayo brashi inajiburuza nyuma ya peni kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kwa darasani nazima kabisa, mtetemo wangu naubeba mwenyewe. Kwa kadi za harusi, jina limeandikwa kubwa ukurasa mzima, naweka wa uzito kidogo kwa mikia mirefu, halafu nazima tena naweka meno na nukta. Inachukua muda lakini bi harusi analipia. Na brashi yenyewe nimeitengeneza, ncha bapa imekatwa mshazari kama mwanzi, kwa sababu katika khati unene unatokana na upande unaokwenda, si kubonyeza. Nukta inatoka na pembe zake nne, si duara kama punje ya pilipili manga.

Halafu kuna kuchelewa, wenyewe wanasema inalegi. Hesabu ni rahisi, mkono ukienda sentimita 20 kwa sekunde na wino ukachelewa milisekunde 50, wino uko sentimita nzima nyuma ya ncha. Sentimita nzima ni neno zima la mtoto! Mkono wenyewe unaanza kupunguza mwendo kusubiri, na khati ya mkono unaosubiri inakufa. Skrini ya S6 Lite inajichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16 na kitu, kwa hiyo hata kila kitu kikienda sawa kuna kijinafasi unakiona ukikikodolea macho. Mie siku hizi sikioni. Nilipewa iPad Pro ya mtu niijaribu, ile inayojichora mara 120, na Apple mwaka 2019 walishusha kuchelewa kwa peni yao kutoka milisekunde 20 mpaka 9, sehemu ya ujanja wenyewe ni kukisia, programu inatabiri peni inaelekea wapi inachora mbele kidogo kisha inarekebisha. Ni tamu, sitasema uongo, wino umeganda kwenye ncha. Lakini bei ya tableti na peni yake pamoja ni mahari, na wanafunzi wangu hawataiona tofauti hiyo, maana maandishi yakipita Zoom mpaka Maskati yashachelewa yanavyotaka.

Kisa cha mwisho nisije nikasahau. Mwezi wa tatu tableti ikaanza kunikatia herufi. Si kila mahali, ni sehemu moja tu, upande wa kulia chini, kila nikifika hapo mstari unaruka kama pikipiki kwenye tuta. Nikajua ndo basi, used imenila. Nikaipeleka kwa fundi akataka elfu themanini kufungua. Nikasema subiri nifikirie, nikarudi nayo nyumbani, nikavua kava ili niifute vumbi, nikaandika bila kava, ikaandika sawa. Nikavisha kava nikalikunja kwa nyuma kama kawaida yangu, ikakata. Kava nililonunua sokoni Darajani lina sumaku ya kufungia, ukilikunja sumaku inakaa nyuma ya skrini palepale, na peni inafanya kazi kwa uwanja wa sumaku, unategemea nini. Nimechana kishikizo nikatoa kisumaku kwa kisu cha jikoni. Elfu themanini yangu ipo.

Maksi: tableti na peni yake naipa nane na nusu kwa kazi yangu, moja nimekata kwa skrini ya 60 na nusu kwa sababu ncha inaisha, naandika sana, na kioo kinateleza mpaka nimebandika ile protekta ya mkwaruzo kama karatasi, imesaidia mkono lakini inasaga ncha upesi zaidi. Nunua ncha za akiba mapema. Peni ya kuchaji naipa tatu. Ya mpira nimempa mtoto wa dada, anachorea paka, na paka wake wana nukta mwili mzima.