Bodi ya Land Cruiser 70 kwa gari la rimoti: nilinunua isiyo na rangi, na ningenunua hivyo tena

Bodi hizi za plastiki ngumu huuzwa kwa namna mbili: iliyopakwa rangi kiwandani, unaifungua na kuivalisha chesisi siku hiyohiyo, na nyeupe tupu ambayo kila kitu ni juu yako. Mimi nilichukua nyeupe tupu. Kwa mtu anayetaka gari linalofanana na gari, sioni sababu ya kuchukua ile nyingine. Rangi ya kiwandani niliiona kwa mwenzangu: imepulizwa vizuri, haina doa, inang'aa kila kona, na ndiyo maana hata ukilipiga picha porini bado ni toi la bei mbaya.

Gari lenyewe ni pikapu ya milango minne, kipimo cha moja kwa kumi. Naishi Arusha, mji ambao Land Cruiser hii haihitaji utambulisho: ya utalii iliyorefushwa na kukatwa paa, ya hospitali, ya mashirika, ya mfanyabiashara anayeshusha vitunguu vya Mang'ola. Toyota ilianza kuitoa mwaka 1984 na umbo lake limebadilika kidogo sana tangu hapo. Kwa anayetengeneza modeli hiyo ni neema, maana kigezo chako kimeegeshwa nje ya kila duka la spea.

Vipimo kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyowaliza watu. Pikapu halisi ina mm 3,180 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kwa hiyo modeli inadai mm 318. Chesisi yangu ni TRX-4 ya kampuni ya Traxxas, yenye mm 324. Milimita sita za ziada huzioni tairi likishakaa ndani ya tao lake. Kinachochekesha ni kwamba chesisi hii ilitoka 2017 ikiwa imevaa bodi ya Land Rover Defender 110, gari ambalo halisi lina mm 2,794 tu. Kwa hesabu hiyo Toyota inaikaa chesisi ile vizuri kuliko Defender yenyewe. Wapenzi wa Land Rover mtanisamehe.

Kampuni iliyotengeneza bodi siitaji, kwa kuwa nina malalamiko matatu na sitaki kesi. Plastiki ni ABS, nene ya kutosha, na mistari ya milango imechongwa kwa makini. Boneti na grili ziko sawasawa kabisa. Lakini maelekezo ni picha ndogo zisizo na neno hata moja, na matundu ya vioo vya pembeni hayakulingana kulia na kushoto, ikabidi niyazibe kwa puti na kutoboa upya. Jingine si kosa lao, ni ladha tu: grili, bampa na vioo vya pembeni vilikuja na kromu ya kung'aa. Gari la kazi huku haling'ai hivyo. Nilivizamisha kwenye Jik. Kromu ya plastiki ni utando mwembamba mno wa aluminiamu, na Jik huula mpaka plastiki ibaki tupu. Fanyia nje, vaa glavu, na usiichanganye na kemikali nyingine yoyote.

Sasa rangi. Kabla ya yote osha kila kipande kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, hata kama kinaonekana kisafi, kwa sababu hutoka kwenye kalibu kikiwa na mafuta yasiyoonekana na rangi ikiyakuta hujikunja. Kisha msasa wa maji, namba 800 au 1000, kiasi cha kuondoa utelezi tu.

Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, wana makopo ya rangi ya kupuliza ya aina mbili, na wageni huyachanganya. TS ni laka ya plastiki ngumu, hupulizwa kwa nje. PS ni ya polikaboneti, ile plastiki angavu ya bodi za mashindano, nayo hupulizwa kwa ndani. Ukipeleka TS kwenye polikaboneti itabanduka mara bodi itakapopinda. Kwa bodi yetu hii unataka TS, pamoja na praima yao ya kijivu, yaani rangi ya chini ya kushikia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kitu bora kuliko vyote nilivyonunua katika kazi hii: laini, inashika, na haizibi mistari.

Tatizo ni kuyapata. Kopo la kupuliza lina gesi na viyeyusho vinavyowaka, hivyo rangi ya namna hiyo hairuhusiwi kwenye mzigo wa abiria wa ndege, na wauzaji wengi wa nje hawaitumi kabisa. Yangu yalikuja kwa basi kutoka Nairobi, na sikupata zaidi ya praima na klia isiyong'aa (laka angavu ya kufunika juu ya rangi), TS-80. Rangi yenyewe, ile ya maziwa iliyochanganyika na udongo ambayo nusu ya magari ya utalii wameipaka, nikaitafuta kwa wachanganyaji wa rangi za magari.

Fundi aliitazama bodi, akaigeuza, akaniuliza, "Kaka, hii nayo ina bima?" Tulipomaliza kucheka alifanya kazi yake kwa heshima zote. Nilichomwomba ni kimoja: izimuliwe zaidi ya kawaida na ipulizwe kwa kabunduki kadogo anakotumia kuziba mikwaruzo. Rangi ya gari halisi, tabaka zote kwa pamoja, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa kipimo chetu hiyo ingepaswa kuwa sehemu moja ya mia, jambo lisilowezekana kwa mkono wa binadamu. Lakini kila tabaka unaloliacha linasaidia. Rangi nene ndiyo inayomeza mstari wa mlango na kuviringisha kona ya taa, na ukishafika hapo hakuna stika itakayokuokoa.

Onyo kuhusu thina ya gereji: ina nguvu. Ikiloweka ABS tupu huila juujuu, ikaacha mikwaruzo midogo kama ya sahani ya zamani. Ndiyo sababu ya praima kila mahali, hata ndani ya matao, na ndiyo sababu tabaka la kwanza la rangi liwe ukungu tu, likauke, ndipo lifuate la pili. Usipulize wakati wa masika pia. Unyevu ukinaswa kwenye laka inayokauka unaleta weupe usiotoka kwa kufuta.

Vioo vya madirisha ya Land Cruiser vimezungukwa na mpira mweusi mpana, na hapo ndipo bodi nyingi za rimoti zinapojisaliti. Ule wa kiwandani kwenye gari la mwenzangu ni mweusi wa kung'aa. Mpira uliopigwa na jua la Monduli si mweusi hivyo. Nilitumia akriliki nyeusi ya Tamiya, X-18, inayong'aa nusu, kwa brashi, nikaongeza tone la kijivu. Vioo vyenyewe usivigandishe kwa supagluu, kwa kuwa mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, na siku ukitaka kuvitoa vinatoka.

Ndani sikuhangaika sana. Lalamiko langu la tatu ni kwamba dashibodi ilikuja na usukani wa kushoto, wakati tangazo lilionyesha wa kulia. Nikaikata kwa msumeno mwembamba, nikahamisha, nikaziba pengo. Siti ni kijivu, mazulia ni vipande vya msasa uliochakaa. Namba niliichapa kwenye karatasi ya stika: njano, herufi nyeusi, gari binafsi.

Kilichobaki ni uchafu, na hapa ndipo bodi ya mwaka mzima wa kazi inapotengana na bodi ya dukani. Kwanza nilizimua rangi ya enameli ya kahawia mpaka ikawa maji, nikaigusisha kwenye mistari ya milango, ikakimbia yenyewe. Fanya hivyo juu ya klia tu. Kiyeyushi cha enameli kikiingia kwenye ABS tupu, hasa karibu na skrubu iliyokazwa, plastiki hupasuka.

Kisha vumbi. Watu hununua poda za rangi kutoka nje kwa pesa nyingi. Mimi nilichota udongo wa Karatu, ule mwekundu, nikauanika na kuuchekecha kwa soksi ndefu ya nailoni mpaka ukawa unga. Chembe inayoonekana kwa jicho, kwa kipimo hiki, ni kokoto. Nilisimama pia barabarani kutazama vumbi linakaa wapi hasa, kwa sababu wengi hulimwaga sawasawa gari zima. Halikai hivyo. Linajaa nyuma ya tairi na kupanda kuelekea mlango wa nyuma, linaganda kwenye mlango wa sehemu ya mizigo, linakaa kwenye mifereji ya paa, na linakosekana pale waipa zinapopita na pale mikono inaposhika vitasa. Mkonga wa hewa, ule bomba unaopanda kando ya kioo cha mbele, uwe na vumbi zaidi upande wa nyuma kuliko mbele. Malizia na klia isiyong'aa, ukijua kwamba klia itafuta karibu nusu ya vumbi ulilopaka, kwa hiyo paka kupita kiasi.

Kuhusu kuliendesha: bodi hii ni nzito kuliko ya polikaboneti, na uzito wote uko juu. Kwenye mteremko wa ubavu gari lilianza kuinama pale ambapo zamani lilipita bila habari. Dawa ni uzito ndani ya rimu za mbele na springi ngumu kidogo, lakini halitakuwa tena gari la kukwea majabali. Anayetaka kushindana kwenye miamba abaki na polikaboneti. Langu linatembea polepole kwenye njia za mashambani na linapendeza, nami sina madai zaidi.

Bei za bodi hizi huanzia kama dola 100 na kupanda haraka, kabla ya usafiri na forodha. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo manne: umbali wa ekseli ni mm ngapi, vifaa vya ndani vimo au vinauzwa kando, nguzo za kufungia ni za chesisi gani, na usukani uko upande gani. Swali hilo la mwisho nililiuliza, na nilichojibiwa ni picha ya gari kwa nje.