Tikka T3x Lite: bunduki nyepesi ya milimani na risasi yake ya 6.5 Creedmoor

Anayewinda kulungu katika milima ya Montana, Marekani, hubeba bunduki kutwa nzima ili afyatue mara moja, au asifyatue kabisa, na ndiyo maana uzito ni jambo la kwanza analouliza. Tikka T3x Lite, inayotengenezwa na kampuni ya Sako mjini Riihimäki, Finland, ina uzito wa takriban kilo 2.9 bila darubini. Wepesi huo umetokana na mtutu mwembamba pamoja na kitako cha plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo.

Kinachonivutia zaidi ni bolti yake, yaani kipande cha chuma kinachoingiza risasi mtutuni na kutoa ganda. Mkono wake huinuliwa digrii 70 tu, hivyo vidole havigongi darubini hata ukiwa umevaa glavu nene, na huteleza nyuma na mbele bila kukwama. Nguvu ya kuvuta kifyatulio hurekebishwa kati ya kilo 1 na 2, nacho huachia ghafla bila kuburuta.

Lakini bunduki nyepesi husukuma bega kwa nguvu zaidi, tena hutikisika kirahisi mikononi mwa mtu anayehema baada ya kupanda. Hapo ndipo risasi ya 6.5 Creedmoor, ambayo kampuni ya risasi ya Hornady iliitoa mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha, inapoifaa sana. Ganda lake, kasha linaloshika baruti, ni fupi, kwa hiyo hubaki nafasi ya kichwa (sehemu inayoruka) kirefu na chembamba kinachokata hewa vizuri na kupoteza kasi polepole. Kichwa cha gramu 9.3 hutoka mtutuni kwa karibu mita 820 kwa sekunde, ilhali teke lake ni kama nusu ya lile la .300 Winchester Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, katika bunduki ya uzito uleule. Mpigaji asiyeogopa teke hafumbi macho wala hakurupushi kidole, na faida hiyo naithamini kuliko kasi yoyote ya ziada.

Masafa marefu, hata hivyo, yana masharti yake. Ukirekebisha darubini kwa mita 200, risasi itashuka kama sentimita 70 ifikapo mita 400, na upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni utaihamisha karibu sentimita 30, kiasi cha kuitoa kifuani mwa kulungu na kuipeleka tumboni. Mshuko hukokotolewa mapema. Upepo huwezi, kwa sababu unauhisi pale ulipolala tu, ilhali ng'ambo ya korongo huenda unavuma kuelekea upande mwingine. Kwa wapiti, kulungu mkubwa na mzito mno wa Amerika Kaskazini, nisingevuka mita 300. Kwa nyati isifikiriwe kabisa.

Kasoro zipo. Magazini yake ya kawaida hubeba risasi tatu tu, na mtutu mwembamba hupata moto upesi, kwa hiyo kwenye uwanja wa shabaha ni lazima kuuacha upoe kila baada ya risasi chache. Vilevile Sako hutumia mwili (sehemu ya chuma inayobeba bolti) wa urefu mmoja kwa risasi zote za T3x, hivyo mnunuzi wa 6.5 Creedmoor hubeba chuma ambacho ganda lake fupi halikihitaji.

Kwa anayepanda milima kwa miguu, ningeichagua bila kusita, mradi darubini yake isizidi gramu 500.