dwm: programu ya mistari 2,000 na mzigo unaobaki kwa mtumiaji

Miongoni mwa programu zinazopanga madirisha kwenye skrini ya kompyuta, ni chache zinazotangaza falsafa yao waziwazi kama dwm. Ilianzishwa mwaka 2006 na Anselm R. Garbe ndani ya suckless, mradi wa watu wanaoandika programu ndogo na sahili, ikajiwekea sharti kwamba msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu, usizidi mistari 2,000. Hufanya kazi kwenye Linux na mifumo ya jamii ya BSD, juu ya mfumo wa michoro wa X. Hutolewa bure kwa leseni huria, na kifurushi cha msimbo wake hakifiki kilobaiti 50. Nimeitumia kwa muda mrefu na naipenda. Naiandikia mapitio haya kwa sababu, kuliko programu nyingine ninayoijua, inaonyesha kwa uwazi nguvu ya falsafa ya uchache na pia mahali ambapo nguvu hiyo inaishia.

Anayetoka Windows, au kwenye mazingira makubwa ya Linux kama GNOME na KDE, atakuta skrini tupu yenye mwambaa mwembamba juu: namba 1 hadi 9 upande wa kushoto, na jina la programu pamoja na namba ya toleo upande wa kulia. Hakuna ikoni wala kitufe cha kufunga dirisha. Ukibonyeza Alt, Shift na Enter kwa pamoja, teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inafunguka na kujaza skrini nzima. Ukifungua dirisha la pili, hilo jipya linashika nafasi kuu upande wa kushoto na la kwanza linasogezwa kulia. Ukifungua la tatu, yale mawili ya awali yanagawana safu ya kulia, moja juu na jingine chini. Alt na j au k hukuhamisha kutoka dirisha moja hadi jingine, na Alt pamoja na h au l hupunguza au kuongeza upana wa nafasi kuu. Zile namba tisa ni lebo, na hapo ndipo ubunifu wa programu hii ulipo, kwa kuwa dirisha moja linaweza kubeba lebo kadhaa, na mtumiaji anaweza kuita lebo mbili au tatu zionekane kwa wakati mmoja. Kwa mwandishi, mfasiri au mtayarishaji wa programu ambaye kutwa nzima anahitaji matini mbili mbele ya macho yake, mpangilio huu huondoa kabisa kazi ya kuburuta madirisha kwa kipanya. Kwa yeyote anayetumia laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ndogo, kama zile zinazouzwa kwa wingi Kariakoo na katikati ya jiji la Nairobi, kuna faida nyingine: dwm haichukui karibu chochote, na uwezo wote wa mashine unabaki kwa kazi yenyewe.

Wakati programu nyingi huweka mipangilio kwenye faili ya kando au kwenye dirisha lenye vitufe, dwm haina chochote cha namna hiyo. Ukitaka kubadilisha rangi, fonti au ufunguo mmoja, unafungua faili ya config.h, unahariri msimbo wa lugha ya C, kisha unaikompaili programu upya, yaani unaugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa na kompyuta. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, na matokeo yake ni kwamba ndani ya programu hamna hata mstari mmoja wa kusoma na kuhakiki mipangilio. Asili ya wazo hili ni ya zamani; mwaka 1978 Doug McIlroy wa Bell Labs, maabara ulikozaliwa mfumo wa kompyuta wa Unix, alieleza kwamba kila programu ya Unix ifanye jambo moja na ilifanye vizuri, na watu wa suckless wamelishika jambo hilo kwa ukali kuliko walivyolishika watu wa Unix wenyewe.

Tunda kubwa la ukali huo ni kwamba dwm inasomeka. Mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa C anaweza kuusoma msimbo wote kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akajua kwa hakika kompyuta yake inafanya nini anapobonyeza kitufe fulani na kwa nini. Sijui namna bora zaidi ya kumfundisha mwanafunzi wa chuo jinsi programu inavyozungumza na mfumo wa X. Programu nyingi tunazoishi nazo leo hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuzisoma zote, wakiwemo waliozitengeneza. Kwa hiyo uwazi wa dwm una thamani inayozidi ile ya wepesi wake.

Ugumu huanza mtumiaji anapohitaji jambo la 2,001. Mwambaa wa juu hauna mahali pa kuweka alama ndogo za mtandao, sauti na betri ambazo programu nyingine hutegemea kuzionyesha. Teminali ya mradi huohuo, iitwayo st, kwa miaka mingi haikuwa na uwezo wa kurudi juu kuona maandishi yaliyokwisha kupita. Watengenezaji walielekeza kazi hiyo ifanywe na programu nyingine. Anayetaka mambo hayo ndani ya programu yenyewe hupakua viraka, yaani vipande vya msimbo vya kuongeza au kubadilisha jambo, vilivyoandikwa na watumiaji wenzake na kuvibandika kwenye msimbo. Kiraka cha kwanza hukubali bila shida. Cha tatu au cha nne hugusa mistari ileile iliyokwisha kuguswa na kilichotangulia, kikakataa, na mtumiaji akalazimika kuunganisha kwa mkono vipande vya kazi za watu wasiojuana. Toleo jipya likitoka, anaanza upya. Kimsingi, anayeichukua dwm hupewa kitambaa kizuri, sindano na uzi, na nguo anaishona mwenyewe.

Ndiyo maana siikubali hesabu ya mistari kama kipimo pekee cha usahili. Larry Tesler, mmoja wa wabunifu walioweka misingi ya namna tunavyotumia kompyuta, alishikilia kwamba kila programu ina kiasi fulani cha ugumu kisichoweza kuondolewa, na kwamba swali ni nani ataubeba, mtengenezaji au mtumiaji. Mistari 2,000 hupima mzigo wa mtengenezaji tu. Haihesabu mistari ya viraka iliyomo kwenye kompyuta ya kila mtumiaji, wala maktaba za programu, yaani msimbo wa wengine ulio tayari kutumiwa, ambazo dwm yenyewe imezikalia.

Suala la emoji linaonyesha hilo vizuri. dwm huchora maandishi kwa kutumia maktaba iitwayo libXft, na kwa miaka kadhaa maktaba hiyo ilikuwa na hitilafu: emoji yenye rangi ikitokea kwenye jina la dirisha, dwm yote ingeweza kuanguka. Ufumbuzi wa muda ulikuwa kuikataza dwm kutumia fonti za rangi, hadi libXft iliporekebishwa mwaka 2022. Programu iliyojivunia kutokuwa na kitu cha ziada iliyumbishwa na kitu ambacho haikukihesabu. Mfano wa pili umo ndani ya mwongozo wa dwm wenyewe, unaokiri kwamba baadhi ya programu za Java zinaweza kuonyesha dirisha la kijivu tupu. Dawa mojawapo ni kuiambia Java, kwa amri ndogo iitwayo wmname, kwamba kisimamizi cha madirisha kina jina la LG3D, ambacho ni kisimamizi kingine kabisa. Mtumiaji anayejua hilo hulimaliza kwa dakika moja, na asiyejua huona kwamba programu anayoitegemea kwa kazi imekufa.

Lakini linalonigusa zaidi ni swali la nani aliyefikiriwa wakati wa kupunguza. Kiswahili cha leo, kwa herufi zake za Kilatini zisizo na alama za juu, hupita kwenye st bila tatizo lolote. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyoandikwa tenzi za pwani kwa karne kadhaa, hakipiti: st ya msingi haiunganishi herufi hizo wala haizipangi kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo msomaji hupata herufi zilizotawanyika kwa mpangilio usiosomeka. Mwambaa wa dwm, na menyu ya dmenu inayotumika nao, huchorwa kwenye skrini kama picha tu, bila kupeleka taarifa yoyote kwa programu zinazowasomea wasioona. Mtengenezaji anapoita mambo haya kuwa ya ziada, anatoa uamuzi kuhusu watu, hata kama mwenyewe anadhani anazungumzia msimbo tu. Na kwa kuwa ukurasa rasmi wa dwm unasema wazi kwamba kuhaririwa kupitia msimbo husaidia kubakiza watumiaji wachache na wa tabaka la juu, uamuzi huo haukutokea kwa bahati mbaya. Siuheshimu hata kidogo. Mtu anayejifunza bila mwalimu, kwa kompyuta ya kuazima, si usumbufu wa kuepukwa kwa ubunifu.

Naipendekeza dwm kwa anayejua C kidogo au anayetaka kuijua, anayefanya kazi nyingi za maandishi, na ambaye yuko tayari kuishi na toleo la msingi likiwa na viraka viwili au vitatu tu. Aisakinishe kando ya mazingira anayotumia sasa, asiyaondoe, ili awe na pa kurudia siku ya kazi ya haraka. Simpendekezei mwenye ofisi anayetafuta kitu cha kuwawekea wafanyakazi wake, wala shule. Anayeichagua ajue pia kwamba Linux inaendelea kuhama kutoka mfumo wa X kwenda Wayland, ambako dwm haiwezi kufanya kazi kama kisimamizi. Kuna programu ya dwl inayofuata falsafa ileile huko, nayo imejengwa juu ya maktaba ya wlroots, ambayo yenyewe ina mistari mingi kuliko dwm mara nyingi sana.