Programu iliyomfanya Mwanajuma kuwa Mwanakombo

Tunaitumia kliniki, hapa Mombasa, kutafutia faili za wagonjwa. Ilinadiwa kwamba hata jina likiandikwa vingine, italipata. Andika Mwanajuma: juu kabisa ya orodha inakuletea Mwanakombo, na pembeni kitufe cha Unganisha. Kibonyeze, na dawa za huyu zimeingia faili ya yule.

Nikapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja akanijibu: "Bosi, programu haina shida. Ni nyinyi watu wa Pwani mnaandika majina vile mnataka."

Vile tunataka! Mji huu ndio uliokaliwa kikao mwaka 1928 kuamua Kiswahili sanifu kifuate lahaja gani, na Kimvita kikaachwa, Kiunguja kikachukuliwa. Ya tahajia hatufundishwi kwa simu. Na hata hivyo, jina la mtoto huliandika babake, si kamati.

Kosa liko kwenye Soundex waliyoipachika humo bila kuigusa, kanuni ya kulinganisha majina kwa jinsi yanavyosikika, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa masikio ya Kiingereza. Inabakisha herufi ya kwanza, inatupa irabu pamoja na h, w na y, konsonanti zilizobaki inazigeuza tarakimu, na zikitimia tatu inasimama, zikipungua inajazia 0. Sasa tia Mwanajuma. M imebaki, n ni 5, j ni 2, m ni 5: M525. Mwanakombo: n ni 5, k nayo ni 2, m ni 5. M525! Ile b ya kumtofautisha haikufikiwa, "Mwana" ilishakula nafasi. Mwanahamisi, Mwanamkuu na Mwanamkasi wamerundikwa wote M552. Na kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi, Khadija ni K320, Hadija ni H320, hawaonani hadi kiyama. Kadzo akiandikwa Kazo anatoka K320 anaenda K200. Yaani wasio ndugu imewaoanisha, na mtu mmoja imemkata vipande viwili.

Kuna mpangilio wa pili, umbali wa Levenshtein: unahesabu herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili jina moja liwe jingine. Kikomo wamekiweka 2 kwa kila jina, refu kwa fupi. Khamis kuwa Hamisi ni 2, toa k, ongeza i, sawa. Lakini Juma kuwa Musa pia ni 2. Fatma kuwa Salma, 2. Salim kuwa Salma, 2, na huyo mmoja ni mwanamume! Hesabu hii haina masikio. Ramadhani na Ramazani inatoza 2 kwa sauti moja tu.

Dawa yake ni kulainisha jina kwanza, kisha ndiyo upime. Jina la asili usiliguse, liweke lilivyo. Tengeneza safu ya pili. Humo herufi zote ziwe ndogo, ondoa nafasi na ritifaa, kh iwe h, gh iwe g, dh na dz ziwe z, th iwe s, herufi pacha ibaki moja, y ya mwisho iwe i. Kisha kata i au u ya mwisho, mradi jina libaki na herufi nne au zaidi, la sivyo Ali utamchinja. Jozi za herufi zitangulie. Ukianza kwa kufuta h peke yake, sh na ch zimekufa. Baada ya hapo Khamis na Hamisi umbali wao ni 0, Athmani na Othman ni 1. Ruhusu 1 kwa majina ya herufi tano kushuka, 2 kwa marefu. Tumia toleo la Damerau, linalohesabu herufi zilizopishana kuwa kosa moja, maana Slaim badala ya Salim ni kosa la vidole kila siku. Asma na Asha bado watagongana. Hapo uliza mwaka wa kuzaliwa, na kile kitufe cha Unganisha kifungwe kabisa.

Niseme haki: programu ina mahali pa kupachika jedwali lako la mabadiliko, na umbali unaweza kuupanga kwa urefu wa jina. Ukishaijaza, inapata Mohamed kwa namna zake zote, na Mahmoud anakaa pembeni kama inavyostahili. Nilikuwa nishaipa nyota nne, wallahi, nikamsamehe na yule kijana.

Juzi wakaleta sasisho. Jedwali lote limefutika, umbali umerudi 2, Mwanakombo yuko juu ya orodha tena. Nikapiga simu. Sauti ile ile.

"Bosi, kwani hamkuweka nakala?"

Nyota moja.