Pointi au moduli ya elektroniki kwenye distributa

Kwa Land Rover ya zamani hapa Malindi, pointi (vyuma vidogo ndani ya distributa, kigawa umeme wa plagi, vinavyofungua na kufunga ili cheche itoke) zina sifa moja kubwa: zikigoma njiani kuelekea Garsen, msasa laini na fila geji (kipimo cha mwanya) ya milimita 0.4 vinakuondoa hapo. Ila hewa ya chumvi huzichafua, na kisigino cha pointi (sehemu inayosuguana na shafti) kikilika mwanya hupungua, taimingi (wakati wa cheche kutoka) ikachelewa.

Moduli, kifaa cha elektroniki kinachoshika nafasi ya pointi, haina cha kusagika. Lakini ikifa, imekufa. Waya mwekundu uende chanya ya koili (inayotengeneza umeme mkali wa cheche), mweusi hasi, ukigeuza, inaungua. Palipo na rezista ya koili (inayopunguza volti), chukua volti 12 kabla yake. Gari lenye chanya ya betri iliyofungwa kwenye bodi lina moduli yake. Usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezima: moduli na koili hupata moto. Ukishafunga, pima taimingi upya kwa taa ya taimingi.

Tunapendelea moduli, mradi pointi na kondensa (kifaa kidogo kinachofanya kazi pamoja na pointi) za zamani zikae garini.