Gari dogo la familia kwa mtu wa Mtwara au Lindi: mimi ningeyapanga hivi

Kila mwaka kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishachangamka na hela zikaanza kusoma, simu yangu haipoi. Shemeji yuko Tandahimba, jirani wa Chikongola, mwalimu mmoja niliyesoma naye Lindi, wote swali lao moja: "Nina hela kidogo hapa, nichukue gari gani ya kubebea familia?" Wanamaanisha gari dogo lenye buti: watu watano wakae bila kubanana, mizigo ya shule iingie, safari ya Dar iwezekane.

Jibu langu la kwanza huwaudhi. Usinunue sasa. Novemba kila dalali anajua una hela, na bei anayokutajia ameshaipandisha kabla hujavua viatu. Subiri Februari hadi Aprili. Ada za shule zimelipwa, masika yamefika, na yule aliyenunua kwa mbwembwe mwezi wa kumi na moja anatafuta mtu wa kumtoa. Gari ni lile lile, mwenye nalo ndiye amebadilika.

Nayajua hayo kwa sababu nimewahi kuwa huyo anayetafuta wa kumtoa. Novemba 2024, msimu ule mnada wa kwanza ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mimi nilikuwa na magunia yangu ghalani. Nikaoneshwa gari refu jeusi la silinda sita, jina lake nalihifadhi maana kosa lilikuwa langu. Dalali akanishika bega: "Kaka, hii ukizubaa jioni huikuti." Sikuzubaa. Wiki ya sita taa ya injini ikawaka na gari likaanza kutetemeka kwenye mataa. Siku kumi na moja nilisubiri spea kutoka Dar, na ya kwanza iliyoletwa haikuwa yenyewe. Gari likakaa chini ya mwembe, watoto wa jirani wakajifunzia kuandika majina yao kwenye vumbi la kioo. Aprili nikaliuza. Hasara niliyopata mama watoto hadi leo hajaijua yote.

Tangu hapo kipimo changu cha kwanza ni hiki: ikiharibika leo asubuhi, spea itafika na basi la usiku? Huku Kusini kifaa kikikosekana madukani unapiga simu Gerezani au Ilala kule Dar, kinafungwa kwenye boksi, kesho unakipokea stendi ya Mkanaledi, Mtwara. Kwa magari ambayo Dar yamejaa, hilo ni jambo la kawaida. Kwa mengine, boksi linakuja na kifaa cha gari la mwenzio.

Cha pili ni tumbo la gari, yaani limenyanyuka kiasi gani kutoka chini. Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560 za lami, na kila kijiji kina matuta yake. Mchinga na Kiranjeranje wanaopita wanayajua. Malori ya saruji na ya makaa ya mawe yameacha mifereji kwenye lami, na ukiacha lami kwenda mashambani unakutana na mchanga. Gari lililoshushwa chini huku ni mateso. Kuweka spesa, vile vipande vya kunyanyua gari, kunasaidia kidogo, ila fundi akizidisha urefu, ekseli zinakaa kwa pembe mbaya na mipira inayofunika viungo vyake inachanika mapema.

Sasa nipange.

Namba moja: Toyota Premio au Allion ya 2007 kuendelea, injini ya lita 1.5 au 1.8. Najua hakuna atakayeshangaa. Premio na Allion ni gari moja lenye sura mbili. Allion usoni ni la ujana zaidi, Premio la mzee wa kanisa au msikiti. Ukilipata Allion kwa bei ya chini, chukua Allion. Toyota waliacha kuyatengeneza yote mawili mwaka 2021, lakini Tanzania yamejaa mno kiasi kwamba spea haitakuwa shida kwa miaka mingi. Tangi lake ni lita 60. Langu la 1.5 likitembea kwa adabu linanipa kama kilomita 14 kwa lita barabara kuu, hivyo natoka Mtwara nimejaza naingia Mbagala mshale bado uko juu ya mstari mwekundu.

Angalia kibao cha chesesi. NZT260 ni 1.5, ZRT260 ni 1.8, ZRT261 ni 2.0. Kizazi hiki gia boksi yake ni CVT, ile otomatiki isiyo na hatua za gia, na hapo ndipo mafundi wetu wengine wanapoliua gari. CVT inataka oili yake yenyewe, siyo hadroliki (oili ya gia boksi za kawaida) yoyote iliyopo kwenye galoni dukani. Muulize muuzaji aliweka nini mara ya mwisho. Akijibu "hadroliki ya kawaida tu, haina shida", mshukuru, ondoka.

Namba mbili: Toyota Corolla Axio. Familia ya watoto wawili haihitaji zaidi ya hili. Ni fupi kuliko Premio, kiti cha nyuma watu wazima watatu watagusana mabega, lakini kwa mafuta na kwa spea halina mpinzani. NZE141 inatumia injini ya 1NZ, ile ile ya Premio ya 1.5 na ya nusu ya magari madogo unayoyaona barabarani, yenye cheni badala ya mkanda wa taimingi. Hata fundi wa chini ya mkorosho pale Nanyamba ameshaifungua. Kama bajeti inakubana, anza na hili.

Namba tatu: Premio ya zamani, ya 2001 hadi 2007. Hapa nataka usome polepole, maana gari hili lina sura moja na tabia tatu. NZT240, ya 1.5, ni punda: gia boksi ya kawaida ya spidi nne, haina makuu. ZZT240, ya 1.8, ni nzuri ila injini yake inajulikana kwa kunywa oili ikichakaa, kwa hiyo vuta dipstiki, kijiti cha kupimia oili, kabla ya kitu kingine, na mwambie mtu akanyage mafuta huku wewe umesimama nyuma unatazama moshi. Ukiwa wa bluu, basi. AZT240, ya 2.0, ndiyo ile mafundi wanaiita D4. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, inajaza kaboni, pampu yake ya presha ni ghali, na mafundi wanaoiweza kweli ni wachache. Bei yake huwa ya kutamanisha. Sababu umeshaijua.

Namba nne: Nissan Bluebird Sylphy. Kiti cha nyuma kina nafasi ya kutosha, na bei ya kuliuza tena ndogo. Hayo mawili ukiyaweka pamoja unapata gari zuri la mtu anayetaka kukaa nalo miaka kumi, siyo la anayetaka kuuza mwakani. Chukua la 1.5, la 2.0 lina CVT, na maneno yangu ya juu yanarudi.

Namba tano: Toyota Mark X. Vijana mtanisamehe. Ni gari tamu, halibishaniwi. Lakini la 2.5 lina silinda sita, maana yake plagi sita na koili sita, na limekaa chini. Ukilihesabia kilomita 9 kwa lita, safari ya Dar inakula kama lita 62, wakati la 1.5 linaishia 40. Kama hesabu hiyo haikusumbui, endesha salama. Crown liko kapu hilo hilo.

Subaru na Honda sikuyapanga. Siyo mabovu, uliza tu hapo mtaani kwako ni fundi gani anayeyafungua, halafu uhesabu vidole.

Na gari jipya kabisa, zero kilomita? Huku kwetu "mpya" maana yake limeshuka meli wiki iliyopita. Jipya la kweli la dukani utalifuata Dar, na dhamana ya kiwanda inataka ulipeleke sevisi kwa wakala wao kwa ratiba. Kwa mtu wa Newala hiyo ni safari ya siku mbili kwenda kubadilisha oili. Ofisi ikikununulia, sawa.

Linalobaki ni kuagiza Japani au kununua lililokwisha tumika hapa. Anayeagiza apige hesabu ya kodi kwanza. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi cc 2,000 na asilimia 10 ikizidi hapo, na gari likipita miaka 10 tangu litengenezwe linabebeshwa kodi ya uchakavu, asilimia 30. Baadhi zinapigwa juu ya nyingine, ndiyo maana gari la zamani kodi yake inaweza kukaribia bei yake pamoja na meli. Na TRA, mamlaka ya mapato, hawafuati risiti yako tu, wana thamani zao kwenye kikokotoo kilichopo tovuti yao. Ingiza gari lako pale kabla hujatuma hata senti. Viwango navyo hubadilika bajeti zikisomwa, kwa hiyo hesabu ya mwaka jana usiitegemee.

Ninayemshauri aagize ni mwenye uvumilivu na akiba ya pembeni. Mwingine anunue lililo na namba ya hapa, ila akalione kwa macho yake, mchana, na fundi wake mwenyewe, siyo fundi aliyeletwa na dalali.

Hapa Kusini kuna magonjwa mawili ambayo ukaguzi wa kawaida hauyaoni. La kwanza ni chumvi. Gari lililolala miaka mitano Shangani au Mikindani upepo wa bahari unalipiga usiku kucha, na kutu inaanzia chini ambako hakuna rangi. Baya zaidi ni lililobeba samaki. Mwaka jana nilimsindikiza kijana mmoja kwenda kuona Allion jeupe, safi, limepakwa nta hadi nzi anateleza. Ndani limepuliziwa marashi. Nikafungua buti, nikanyanyua zulia, nikatoa tairi la akiba. Pale chini kidole kilizama kwenye bati kama kwenye biskuti iliyolowa chai. Maji ya barafu ya samaki yalikuwa yakidondokea humo kila asubuhi. Mwenye gari akasema, "Hiyo fundi wa bodi anaziba siku moja tu." Kijana alikuwa ameshatoa pochi.

La pili ni mafuriko. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya Lindi na Dar, na maji yakajaa sehemu nyingi. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa. Gari lililokunywa maji husafishwa kila mahali, lakini ni wachache wanaokumbuka kuosha mkanda ule unaojikunja ndani ya nguzo. Ukiona mstari wa tope, au mkanda unarudi kwa kusuasua, usijadili bei. Nyaya za gari hilo zitakusumbua mpaka ulichoke.

Mengine ni ya kila siku. Lianze kuwaka asubuhi injini ikiwa baridi, mwenye nalo asiwe amelipasha moto kabla hujafika. Pima kwa mashine ya kusoma makosa ya injini, na uangalie kama taa ya injini inawaka ukifungua swichi, kisha inazima injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa balbu au kuiziba. AC iwashe dakika ishirini nzima na gari limesimama juani. Joto la Lindi la Desemba halitaki AC ya kudanganyia.

Kwenye makaratasi, jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako, na kadi uione halisi, siyo picha ya WhatsApp. Ukiambiwa "kadi iko benki", gari hilo ni la benki. Angalia deni la trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, maana deni linaifuata namba, siyo dereva. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, kisha mwende TRA pamoja kuhamisha umiliki siku hiyo hiyo. Wapo wanaotembelea magari yenye majina ya watu waliohamia Mwanza.

Ukinunulia Dar, usikubali kuletewa. Lifuate mwenyewe, au panda na dereva. Toka alfajiri, spidi ya wastani, na ukifika Nangurukuru simama kunywa chai. Kabla ya chai zunguka gari, sogeza mkono karibu na kila rimu. Zote nne zitakuwa na joto. Ukikuta moja inafukuta peke yake, breki ya tairi hilo inashika, mwite fundi hapo hapo kabla hujaanza kuitafuta Lindi. Kisha funua boneti, tazama rejeta na chini ya injini kama kuna tone. Chai ya pale huwa ya moto sana, kwa hiyo muda unao.